Mada: Mtoto wa Pwani Kwenye Baridi ya Mlimani

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, usogee karibu na redio, maana ya leo yanahusu uhai wa mtoto.

Bila shaka utashangaa nikikwambia kwamba leo tunazungumza juu ya theluji na barafu. Utasema, "Sisi hapa jasho linatutoka mchana na usiku, theluji ya nini?" Una haki ya kuuliza. Lakini fikiria haya. Kijana wako anakuja na barua kutoka shuleni: wanafunzi wanakwenda kupanda Mlima Kenya wakati wa likizo, mzazi atie sahihi. Au shangazi yake anayefanya kazi Dubai anampigia simu na kumwonyesha watu wakiteleza kwenye theluji ndani ya jumba la maduka. Au mnapanda gari la moshi pale Miritini kwenda kumzuru bibi wa upande wa baba huko bara, mahali ambapo watu hulala na mablanketi matatu. Siku hizi mtoto wa Utange hufika kwenye baridi. Swali ni je, anafika akiwa amejitayarisha?

Watoto wetu wanaweza

Kwanza tuondoe dhana kwamba baridi si ya watu wetu. Mwaka wa 1998 Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, alishiriki katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Alishindana katika mbio za skii, yaani kuteleza thelujini kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki katika michezo hiyo. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye utepe ili amkumbatie. Boit alirudi kushindana tena mwaka wa 2002 na wa 2006.

Mwaka wa 2018, kule Pyeongchang, Korea Kusini, alishiriki msichana wa Kenya, Sabrina Simader. Huyu ni mzaliwa wa hapa hapa pwani, Kilifi, aliyehamia Austria na mama yake akiwa mtoto mdogo. Huko ndiko alikojifunza kuteleza kwenye miteremko ya theluji. Na mjini Nairobi, kwenye barabara ya kuja Mombasa, uwanja wa barafu ulifunguliwa hotelini mwaka wa 2005. Hapo ndipo timu ya Ice Lions ilipoanzia.

Kwa hivyo, mama, hatukwambii umkataze mtoto. Tunakwambia ujue mambo machache kabla ya kutia sahihi ile barua.

Mlimani kuna nini?

Utange iko karibu sawa na usawa wa bahari. Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600. Nanyuki, mji ulio chini ya Mlima Kenya, uko karibu mita 1,900. Kilele cha Lenana, ambacho ndicho wanafunzi na wageni wengi hupanda, kiko mita 4,985. Kilele kirefu kuliko vyote, Batian, kiko mita 5,199, na hicho huwezi kukifikia bila kamba na ujuzi wa kupanda majabali.

Unapopanda, mambo mawili hubadilika.

La kwanza ni baridi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Basi kama hapa Utange ni nyuzi 27, kule karibu na kilele, mita 5,000 juu, utapata joto limeshuka kwa nyuzi 30. Maana yake ni chini ya sifuri, mahali ambapo maji huganda. Barafu ya kudumu ya Mlima Kenya imepungua sana miaka hii, lakini usiku wa kule juu bado hugandisha maji kwenye chupa.

La pili ni hewa. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kwenye mita 5,000 kila pumzi unayovuta ina oksijeni inayokaribia nusu tu ya ile unayopata hapa ufukweni. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku kadhaa. Ukiharakishwa, unaugua.

Ugonjwa wa mwinuko

Ugonjwa huu unaweza kumpata mtu yeyote anayepanda haraka kupita mita 2,500. Hauchagui mwenye nguvu wala dhaifu. Kijana anayecheza mpira vizuri hapa Utange anaweza kuugua kuliko mwenzake mnene asiyecheza kabisa. Tena kijana mwenye nguvu huwa hatarini zaidi, kwa sababu anakimbilia mbele na anaona haya kusema kwamba anaumwa.

Dalili za mwanzo ni hizi:

- kichwa kuuma;
- kichefuchefu au kutapika;
- kukosa hamu ya kula;
- kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida;
- kukosa usingizi.

Mtoto mdogo ambaye hawezi kujieleza atalialia bila sababu, atakataa kula na hatataka kucheza.

Mwenye dalili hizi asipande hata hatua moja zaidi. Apumzike hapo alipo, anywe maji, na anaweza kupewa dawa ya kawaida ya maumivu kama paracetamol kwa kipimo cha umri wake. Asipewe dawa za usingizi wala pombe. Akipata nafuu kabisa, anaweza kuendelea. Asipopata nafuu, ateremshwe.

Sasa sikiliza vizuri sana. Zipo dalili za hatari, na hizi hazingoji asubuhi:

- anahema hata akiwa amekaa tu;
- anakohoa na kutoa makohozi yenye povu au damu;
- midomo au kucha zinakuwa za kijivu au buluu;
- anayumbayumba kama mlevi, hawezi kutembea kwenye mstari mmoja;
- anachanganyikiwa, anasema maneno yasiyoeleweka, au anasinzia na ni vigumu kumwamsha.

Hapo maji yameingia kwenye mapafu au ubongo umevimba. Anaweza kufa katika saa chache. Tiba yake kubwa ni moja: kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Asiachwe ateremke peke yake. Kuteremka mita 500 hadi 1,000 kunaweza kuokoa maisha yake. Akifika chini, apelekwe hospitali hata kama anaonekana amepona.

Kinga yake ni mwendo wa pole. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Waganga wa milimani wanashauri hivi: ukishapita mita 3,000, usilale mahali palipopanda kwa zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda. Hebu tupige hesabu. Katika njia ya Naro Moru, wengi hulala kwanza kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, kisha kesho yake kambi ya Mackinder, mita 4,200. Hiyo ni mita 1,150 kwa siku moja, zaidi ya mara mbili ya kipimo. Sasa mtoto aliyetoka Mombasa juzi ataweza? Kwa hivyo muulize mwalimu: "Watalala wapi kila usiku, na siku ya kupumzika ni ipi?" Safari iliyopangwa haraka ili kupunguza gharama ndiyo hatari.

Baridi inapoingia mwilini

Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini. Hali hii haihitaji theluji. Mvua, upepo na nguo zilizolowa vinatosha.

Mtoto huanza kutetemeka. Kisha vidole vinakuwa vizito, hawezi kufunga zipu wala kamba za viatu. Maneno yanakuwa ya kuvuta, anajikwaa, anataka kukaa chini alale. Halafu kutetemeka kunakoma. Watu hudhani amepata nafuu. La, hasha! Kutetemeka kukikoma na mtu bado ni baridi na hana nguvu, ujue mwili umeshindwa kujipasha joto.

La kufanya ni hili. Mtoe kwenye upepo na mvua. Mvue nguo zote zilizolowa, umkaushe, umvike nguo kavu na kofia. Mfunike kwa blanketi au mfuko wa kulalia, na chini yake pia pawe na kitu, kwa sababu ardhi hunyonya joto. Mtoto mdogo mweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi, kama wakunga wanavyotufundisha kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala usimweke karibu na moto.

Vidole, pua au masikio yakifa ganzi na kubadilika rangi, huenda ngozi imeanza kuganda. Usiyasugue na wala usiyapake chochote. Yafunike kwa kitu kikavu, umteremshe, apate tiba.

Nguo

Mama wa pwani, leso yako ni nzuri kwa mambo mengi, lakini mlimani pamba haifai. Pamba ikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Jinzi ndiyo mbaya zaidi. Si lazima ununue vitu vya bei ghali. Nenda soko la Kongowea, kwenye mitumba, utafute sufi na nguo za nailoni au za kitambaa cha manyoya laini. Mvike mtoto tabaka tatu: ya ndani nyembamba isiyo ya pamba, ya kati sweta nzito ya sufi, na ya juu koti lisilopitisha upepo na mvua. Ongeza kofia ya sufi, glovu, na soksi za sufi jozi tatu, moja ikiwa ya kulalia tu. Viatu visimbane, kwa sababu mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha. Nguo za kubadilisha zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Usisahau jua. Kule juu jua huchoma kuliko hapa ufukweni, na theluji hulirudisha machoni kama kioo. Mtoto avae miwani myeusi na kofia yenye ukingo, na apakwe mafuta ya kukinga jua. Kwa mtoto mwenye ualbino, hili ni la lazima.

Jiko la makaa lisiingie ndani

Kila wakati wa baridi watu hufa kwa jambo hili. Mtu anaona baridi, anaingiza jiko la makaa chumbani au ndani ya hema, anafunga mlango na madirisha, analala. Asubuhi hawaamki. Makaa hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unasinzia, basi. Hata jiko lisilo na moshi na makaa yaliyoiva mekundu hutoa sumu hiyo.

Usiingize jiko mahali pa kulala, iwe ni mlimani, iwe ni Limuru kwa binti yako, iwe ni hapa Utange wakati wa mvua. Mkiamka wawili au watatu mna maumivu ya kichwa kwa pamoja na palikuwa na jiko, tokeni nje mara moja na mwende hospitali.

Watoto wa kuangaliwa zaidi

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuhusu sisi wa pwani zaidi ya watu wa bara.

Kwanza, siko seli, yaani selimundu. Ugonjwa huu wa damu ni wa kurithi, na unapatikana zaidi sehemu zilizokuwa na malaria kwa karne nyingi, kama pwani yetu. Baridi, kukosa maji mwilini na upungufu wa oksijeni, yote matatu, huweza kumletea mtoto mwenye siko seli maumivu makali ya mifupa na kifua. Mlimani yote matatu yako pamoja. Mtoto huyu asipande mlima. Hata akienda Nairobi au Nyahururu kuzuru jamaa, muulize daktari wake kwanza. Mvike nguo za joto, mpe maji mara kwa mara, usisahau dawa zake za kila siku.

Je, ndugu yake aliyerithi upande mmoja tu? Huyu kwa kawaida ni mzima. Lakini wapo waliopanda juu sana wakapata maumivu ya ghafla chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu wengu umekosa damu. Kwa hivyo kama kuna mwenye siko seli katika ukoo wenu, mtoto apimwe damu kabla ya safari, na mwalimu aambiwe majibu. Si siri ya aibu. Ni kinga.

Pili, pumu. Hewa baridi na kavu hubana kifua. Mtoto wa pumu aende ikiwa tu daktari amekubali, na inhela yake ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, si ndani ya begi linalobebwa na mtu mwingine.

Tatu, mwenye mafua au kikohozi kikali siku ya kuondoka. Abaki nyumbani. Kifua kilicho na ugonjwa hujaa maji upesi zaidi kule juu.

Nne, malaria. Utasema mlimani hakuna mbu. Kweli, lakini mbu aliyemuuma Utange wiki mbili zilizopita ameshafanya kazi yake. Malaria huleta kichwa kuuma, kutapika na uchovu, sawasawa na ugonjwa wa mwinuko. Walio naye wanaweza kusema, "Ni mwinuko tu," kumbe ni malaria. Mtoto akiwa na homa, ateremshwe na apimwe damu. Mfundishe mwanao kumwambia kila mhudumu wa afya: "Mimi nimetoka Mombasa." Maneno hayo matatu yanaweza kumwokoa.

Kwenye uwanja wa barafu

Wale watakaokwenda kuteleza kwenye barafu Nairobi, au kwenye theluji ya ndani kule Dubai, hawana hofu ya mwinuko. Hatari yao ni kuanguka. Mtoto avae kofia ngumu, glovu, na suruali ndefu. Akianguka, akunje ngumi, ili viatu vyenye wembe vya wenzake visimkate vidole. Akijigonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia au akachanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kumuuliza mwalimu kabla ya kutia sahihi

1. Safari ni ya siku ngapi, na watalala mita ngapi kila usiku?
2. Kuna waongozaji wangapi wenye uzoefu wa mlima huo, na kila mmoja anaangalia watoto wangapi?
3. Mtoto akiugua usiku, nani atamteremsha naye, na gari liko wapi?
4. Nani anajua huduma ya kwanza, na amebeba nini?
5. Je, mtoto anayetaka kurudi ataruhusiwa kurudi bila kuchekwa?

Mwalimu mzuri atakujibu yote bila kukasirika. Asiyekuwa na majibu, mwombe ayatafute kwanza, na kalamu yako iweke chini.

Na kabla mwanao hajaondoka, mkalishe umwambie maneno haya: "Mlima hauhami. Ukisikia vibaya, sema. Ukirudi bila kufika kileleni, kwangu wewe umefika." Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa kuaibika au kupoteza pesa ambazo mama alijinyima ili kulipa. Mwondolee mzigo huo kabla hajaupandisha mlima.

Kumbuka: apande polepole, akae mkavu, jiko libaki nje, na dalili za hatari zikitokea ateremke mara moja.

Ya kujadili kikundini

- Kuna mtoto gani katika mtaa wetu anayehitaji kupimwa siko seli?
- Ni nani kati yetu huingiza jiko ndani wakati wa mvua, na atafanya nini badala yake?
- Tutawaambiaje watoto wetu wasione haya kusema wanaumwa?

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya katika zahanati iliyo karibu nawe.